Huduma Iko Hai, Kazi Je?

Kwa siku kumi na moja klasta ninayoitunza, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja, ilikuwa na taa za kijani tupu. Kidhibiti kikuu kijani, kidhibiti cha akiba kijani, huduma ya kumbukumbu za matumizi kijani, nodi zote, yaani kompyuta zinazoendesha kazi, kijani. Kazi ziliingia kwenye foleni, zikapata nodi, zikaisha, na wenyewe wakachukua matokeo yao. Siku ya kumi na mbili mtafiti mmoja akaniandikia: kazi zake za juma lililopita hazionekani anapoziulizia kwa sacct, amri inayosoma kumbukumbu za kazi zilizopita. Nilidhani amekosea tarehe. Nikatafuta zangu mwenyewe za juma hilohilo. Nazo hazikuwepo.

Diski ya seva ya hifadhidata ilikuwa imejaa. Hifadhidata iliweza kusomwa lakini haikuweza kuandikwa, na kila kilichotokea tangu diski ijae hakikuwa na mahali pa kukaa. Niliangalia tena ukurasa wangu wa ufuatiliaji huku tatizo nikilijua tayari. Ulikuwa bado kijani.

Tangu siku ile nimeacha kuamini neno "hai" likisemwa peke yake, na ndiyo sababu ya makala hii. Nitatumia zaidi mifano ya Slurm, programu ya kupanga kazi kwenye klasta, kwa kuwa ndiyo ninayoishika kila siku, lakini anayetunza wapangaji wengine kama Airflow, Quartz au kazi za ratiba za Kubernetes atayatambua mambo haya.

Kwa asiyeijua, Slurm ilianzia katika maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo inapanga kazi kwenye kompyuta kubwa kabisa duniani, Frontier ikiwa mojawapo. Si programu moja. Kuna slurmctld, kidhibiti kinachoshika foleni na kuamua nani anapata nodi ipi. Kuna slurmd, inayokaa kwenye kila nodi na kuendesha kazi zenyewe. Kuna slurmdbd, karani anayepokea taarifa za matumizi na kuzipeleka kwenye hifadhidata iliyo nyuma yake. Na kuna munge kwenye kila mashine, inayothibitisha kwamba anayeongea ndiye kweli. Kwa kawaida kidhibiti husikiliza kwenye porti 6817, slurmd kwenye 6818 na slurmdbd kwenye 6819.

Skripti yangu ya zamani iliuliza mambo mawili kila dakika: je, mfumo unasema huduma hii inaendeshwa? Je, porti yake inafunguka? Kwa slurmdbd majibu yote mawili yalikuwa ndiyo, na yote mawili yalikuwa ya kweli. Mchakato ulikuwepo, porti ilikuwa wazi. Karani alikuwa ameketi mezani kwake, kalamu mkononi, ila daftari limekwisha kurasa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ushahidi ulikuwepo muda wote. Slurm ina amri iitwayo sdiag, na ndani yake mna mstari unaoonyesha urefu wa foleni ya ujumbe unaosubiri kwenda slurmdbd. Klasta yenye afya huonyesha sifuri au namba ndogo inayopanda na kushuka. Yangu ilikuwa imepanda bila kushuka kwa siku kumi na moja. Waliotengeneza Slurm waliamua, na naona waliamua vizuri, kwamba karani akikwama kazi za watu zisisimame. Kidhibiti hujibebea ujumbe wote kwenye kumbukumbu yake hadi karani arudi. Lakini mzigo huo una kikomo, na kikomo kikifika, kwa mpangilio wa kawaida kidhibiti huanza kutupa ujumbe. Sisi tulikuwa tumeshafika. Uvumilivu uleule uliowakinga watumiaji wetu ndio uliotuficha ugonjwa.

Hilo ni jambo la kuzingatia katika mfumo wowote uliotengenezwa ustahimili hitilafu. Kadiri unavyostahimili vizuri, ndivyo dalili za nje zinavyochelewa kuonekana. Mfumo dhaifu huanguka mchana kweupe na kila mtu akaona. Mfumo imara hubeba, ukabeba, ukabeba, na siku unapoutua mzigo kuna vitu ambavyo havirudi tena. Kwa hiyo anayeuangalia mfumo wa aina hii hana budi kuangalia mzigo unaobebwa: foleni za ndani, majaribio yanayorudiwa, akiba iliyoliwa. Kusubiri anguko ni kuchelewa.

Baada ya tukio lile nilibadilisha swali. Badala ya kuiuliza kila sehemu "uko hai?", naiuliza "mara ya mwisho umefanya kazi yako lini?" Jibu la swali la kwanza ni ndiyo au hapana. Jibu la pili ni saa na dakika, na saa huzeeka mbele ya macho yako hata kama aliyeulizwa amenyamaza.

Zipo programu zilizojengwa kwa fikra hii. Airflow ina anwani ya afya ambayo, pamoja na kusema mpangaji yu hali gani, hutoa wakati wa pigo lake la moyo la mwisho, yaani ishara ya uhai anayoituma mara kwa mara, na kwa mpangilio wa kawaida pigo likipita sekunde 30 mpangaji huyo huhesabiwa mgonjwa. Quartz ikiendeshwa kama klasta, kila mshiriki husaini kwenye jedwali la pamoja la hifadhidata, na safu ya LAST_CHECKIN_TIME inaonyesha alisaini lini. Asiyesaini kwa wakati, wenzake huchukua kazi zake. Nikikutana na programu mpya ya kupanga kazi, hiki ndicho ninachokitafuta kabla ya kitu kingine: inaweka wapi saini yake, na naweza kuisoma bila kumuuliza yeye mwenyewe?

Lakini pigo la moyo nalo lina udhaifu wake. Mara nyingi anayepiga pigo ni uzi mmoja (thread, mkondo mmoja wa utendaji) ndani ya programu na anayefanya kazi ni uzi mwingine. Wa pili anaweza kukwama kwenye kufuli la hifadhidata huku wa kwanza akiendelea kupiga kwa nidhamu kabisa. Ndiyo maana niliongeza kitu nilichokiita kazi ya kuonja.

Kila dakika kumi seva ya ufuatiliaji hutuma kazi ndogo kwenye foleni, kama mtumiaji yeyote. Kazi hiyo hupewa nodi, huandika saa kwenye faili moja katika hifadhi ya pamoja, kisha huisha. Baadaye seva ya ufuatiliaji hutazama faili ile, halafu huiulizia kazi yenyewe kwa sacct. Kwa mzunguko huo mmoja nimegusa kidhibiti, munge, slurmd ya nodi fulani, hifadhi ya pamoja, slurmdbd na hifadhidata. Ingekuwepo wakati ule, ningejua diski imejaa ndani ya dakika kumi, tena kwa hatua ya mwisho kabisa: kazi imepita, imeandika, imeisha, lakini karani haijui.

Kuitengeneza vizuri kulinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Tatizo la kwanza lilikuwa klasta ikijaa. Kazi ya kuonja husubiri kama wengine, na kusubiri si hitilafu, lakini skripti haikujua hivyo, ikawa inaniamsha kila klasta inapokuwa na shughuli nyingi. Niliipa kipaumbele cha juu na nikaitengea kiini kimoja cha kichakataji kwenye nodi chache. Hapo likaja tatizo la pili: sasa ilikuwa inazionja nodi zilezile chache kila siku, na zilizobaki hazionjwi kamwe. Hatimaye nikazigawa mbili. Moja ina njia yake ya haraka, na ikichelewa dakika tano naamshwa. Nyingine hupanga foleni kama raia wengine na kuzunguka sehemu zote za klasta. Hiyo haiamshi mtu, ila muda wake wa kusubiri huchorwa kwenye grafu, na grafu hiyo imegeuka kuwa kitu cha kwanza ninachokitazama asubuhi. Inaniambia watumiaji wanaishije, jambo ambalo hakuna taa inayoweza kuniambia.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kila sehemu ni moja. Klasta huongeza ugumu wake: jibu unalopata linategemea umemuuliza nani, ukiwa wapi.

Amri ya scontrol ping hukuambia kidhibiti kikuu kiko juu au chini, na cha akiba vilevile. Ukiiendesha kwenye kidhibiti kikuu chenyewe, kinajipigia, kinajiitikia. Kama kebo ya mtandao imechomoka upande wa nodi, bado kitajiitikia. Kwa hiyo mimi huiendesha kutoka sehemu tatu: kwenye mojawapo ya nodi za kazi, kwenye seva ambayo watumiaji huingilia, na kwenye kidhibiti cha akiba. Majibu matatu yakifanana, nina picha. Yakipishana, kupishana kwenyewe ndiyo habari, na mara nyingi huniambia mpasuko uko wapi kabla sijafungua logi hata moja.

Kidhibiti cha akiba kinastahili uangalizi kuliko kikuu, nami naona tunafanya kinyume. Kikuu kikiugua watumiaji watapiga kelele. Cha akiba kinaweza kuugua mwaka mzima bila mtu kujua, kwa sababu kazi yake ni kungoja. Nilipokuwa naandika upya vipimo vyangu nilikuta cha kwetu kikiitikia ping bila shida, ilhali saraka ya pamoja, ambamo vidhibiti huhifadhi hali ya klasta, haikuwa imeunganishwa tena tangu mashine ilipowashwa upya. Saraka yenye jina lilelile ilikuwepo, ila ilikuwa tupu, kwenye diski ya hapohapo. Kama kikuu kingeanguka usiku ule, msaidizi angeshika usukani bila kuwa na habari ya kazi hata moja iliyokuwa ikiendeshwa. Nilikaa kimya mbele ya skrini kwa muda.

Siku hizi kila kidhibiti huandika saa yake kwenye faili ndani ya saraka ile kila dakika, na mwenzake huisoma. Kipimo hiki kina mistari minne tu na ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Saraka ile ina umuhimu mwingine pia. Kidhibiti cha akiba husubiri sekunde 120 kwa mpangilio wa kawaida kabla ya kuchukua madaraka, na kabla ya kuchukua hutazama ndani ya saraka hiyo kama kikuu bado kinaacha alama ya uhai. Ndiyo kinga dhidi ya vidhibiti viwili vinavyojiona wakuu kwa wakati mmoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na katika foleni ya kazi mrama wake ni kazi moja kuendeshwa mara mbili, au nodi moja kugawiwa watu wawili.

Mifumo inayochagua kiongozi kwa kura huzuia hali hiyo kwa njia nyingine. Kanuni ya Raft, iliyochapishwa na Diego Ongaro na John Ousterhout mwaka 2014, haimruhusu kiongozi asiyeungwa mkono na wengi kupitisha uamuzi. Washiriki watatu huvumilia kumpoteza mmoja, watano huvumilia kupoteza wawili, na wanne hawana faida juu ya watatu. Katika etcd, ambayo ndiyo kumbukumbu ya Kubernetes, kwa mpangilio wa kawaida kiongozi hutuma pigo kila milisekunde 100, na mshiriki asiyemsikia kwa takribani milisekunde 1000 huanzisha uchaguzi. Huku kuhesabu walio hai hakutoshi. Natazama kama kuna kiongozi, na zaidi ya hapo, uongozi umebadilika mara ngapi. Klasta inayobadilisha kiongozi mara kwa mara itaonekana nzima ukiiangalia wakati wowote mmoja, kumbe diski ya mmoja wao inaandika polepole na mapigo yanachelewa. Muda wa kuandika logi kwenye diski ndiyo namba ninayoichora kando ya idadi ya chaguzi, na mara nyingi hupanda pamoja.

Hapa ndipo lilipo swali gumu kuliko yote: subira iwe ya muda gani kabla ya kusema fulani amekufa? Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha mwaka 1985 kwamba katika mfumo ambao ujumbe unaweza kuchelewa bila kikomo, hakuna njia ya kuhakikisha makubaliano hata kama ni mchakato mmoja tu unaoweza kufa. Kiini cha ugumu huo kila mtunza klasta anakijua: aliyekufa na anayechelewa hunyamaza kwa namna moja. Hivyo kila muda wa kusubiri unaouandika kwenye faili la mipangilio ni dau. Kwa mpangilio wa kawaida Slurm huipa nodi sekunde 300 kabla ya kuitangaza kuwa haipo, na kwenye orodha ya nodi inayotolewa na amri ya sinfo, nodi isiyojibu huwekewa nyota mwishoni mwa neno la hali yake. Ile nyota ni ndogo, na nimeona watu wazoefu wakiipita. Nodi iliyoishiwa kumbukumbu na kuanza kuhamishia kila kitu kwenye diski inaweza kunyamaza dakika kadhaa kisha ikarudi na kazi zake zikiwa salama. Ukifupisha subira, kazi hizo utaziua mwenyewe.

Msimamo wangu ni kwamba saa ya mfumo kujitibu na saa ya mtu kuamshwa zisilingane. Mfumo uachiwe nafasi ya kuhama wenyewe, na mtu aamshwe pale ulipojaribu ukashindwa. Lakini uhamaji uliofanikiwa usipite kimya, kwa sababu klasta iliyohama salama ni klasta iliyobaki bila akiba. Kwetu hufungua shauri linalosubiri mtu asubuhi, na shauri hilo halifungwi mpaka vidhibiti viwili viwe vimesimama tena.

Saa za mashine zenyewe nazo ni sehemu ya klasta, ingawa sijawahi kuona mchoro unaoziweka. Kitambulisho cha munge kwa kawaida hudumu sekunde 300, kwa hiyo nodi ambayo saa yake imeteleza kupita hapo hukataliwa na kila mtu huku huduma zake zote zikiwa hai. Quartz ni kali zaidi: maelekezo yake yanataka saa za washiriki zisipishane zaidi ya sekunde moja. Pima mpishano wa saa kwenye kila mashine. Ni kipimo rahisi, na kitakuokoa usiku mzima wa kutafuta hitilafu ya mtandao ambayo haipo.

Vilevile hesabu nodi zilizowekwa kando. Slurm huweka nodi kando na kuandika sababu, na sinfo -R huzitaja zote. Mojamoja hazimsumbui mtu. Baada ya miezi michache unashangaa foleni imerefuka.

Kimya ndicho kigumu kukipima, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Kanuni ya tahadhari inayosema "nijulishe namba ikizidi kumi" haitasema lolote namba ikitoweka kabisa. Katika Prometheus, programu ya kukusanya vipimo, kipimo kisichokuwepo hakizidi chochote, kwa hiyo kwa kila tahadhari muhimu naandika pacha wake inayolia kipimo chenyewe kikikosekana. Katika Nagios, programu nyingine ya ufuatiliaji, kuna hali nne, kuanzia 0 ya salama hadi 3 ya kutojulikana, na wengi huipaka 3 rangi ya kijivu na kuisahau. Kwangu, kidhibiti kisichojulikana hali yake huchukuliwa kama kilichoanguka. Kubernetes nayo, katika matoleo yake ya zamani, ilikuwa na kona yake: mratibu wa kazi za ratiba alipokuta amekosa zaidi ya nyakati 100, alikataa kuianzisha kazi hiyo na kuandika kosa kwenye logi. Hakuna kilichoanguka. Kazi tu haikuja.

Kwa sababu hiyohiyo niliutoa ufuatiliaji nje ya klasta. Zamani ripoti ya asubuhi ilitumwa na kazi iliyopangwa na klasta ileile iliyokuwa ikitolewa ripoti. Sasa kuna mashine ndogo kwenye mtandao mwingine inayotarajia salamu kutoka kwa seva ya ufuatiliaji kila dakika tano. Ikizikosa mbili mfululizo, simu ya mwenye zamu inaita.

Mara moja kwa mwezi, mchana, watu wakiwa kazini, tunamhamishia msaidizi madaraka kwa makusudi kwa scontrol takeover. Kazi ya kuonja inaendelea wakati wote huo, na tunaandika ilichelewa kwa kiasi gani. Wenzangu wawili waliogopa mara ya kwanza, na walikuwa na haki. Sasa wanabishana nani atabonyeza.

Ukurasa wa ufuatiliaji bado una rangi, lakini kando ya kila jina kuna muda: kidhibiti, sekunde 20 zilizopita; saraka ya pamoja, sekunde 41; karani, dakika 6; hifadhidata, dakika 6.

Yule mtafiti aliniuliza kama kumbukumbu zake zitarudi. Nilizirudisha nilizoweza, kwa kusoma logi za kidhibiti mstari kwa mstari, na nyingine hazikurudi. Baada ya hapo niliwasha kipengele cha Slurm kinachoandika kila kazi iliyokamilika kwenye faili la maandishi ya kawaida, mbali na hifadhidata, ili pawe na shahidi wa pili. Kila asubuhi skripti huhesabu kazi za jana kwenye faili na kwenye hifadhidata, kisha hutoa tofauti. Jumanne iliyopita tofauti ilikuwa 3. Nilizifuata zote tatu. Ziliisha sekunde chache kabla ya saa sita usiku, zikaingia upande mmoja kama za Jumatatu na upande wa pili kama za Jumanne. Skripti sasa inalinganisha namba za kazi zenyewe, na haihesabu tena kwa tarehe.